Jina la ukoo "Joubert": ni la Mfaransa wa Ziwa Tanganyika, la Kaburu, au ni Zuberi tu?

Mgebuka_Mkavu (mleta uzi)
Wakuu, naomba msaada kwa wanaojua historia ya majina. Jina langu la tatu ni Joubert. Cheti cha darasa la saba kimeandikwa Jubeti, kitambulisho kimeandikwa Joubert, na mwezi uliopita ofisi moja imeniandika Zuberi. Karani akaniambia "ndilo hilo hilo", halafu akanituma kwa wakili nikale kiapo kwamba watu hawa watatu ni mtu mmoja. Hela ya kiapo nimeshatoa. Swali ndilo limenibaki: jina hili lilitoka wapi?

Ninachojua ni kidogo. Babu alivuka ziwa akiwa kijana kutoka upande wa Moba, Kongo, akatua Kigoma, akavua dagaa mpaka alipofariki. Baba alikuwa mdogo, hakuuliza. Mimi ni mweusi tii, nikisema nina asili ya Ufaransa hata mke wangu anacheka. Nikitafuta mtandaoni naletewa Makaburu wa Afrika Kusini. Sasa babu wa Moba na Makaburu walikutana wapi?

Nimekaa_Pale
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kiti.

Chake_Wete
Huyo karani alikuwa sahihi. Zuberi ni jina la siku nyingi, az-Zubayr, swahaba wa Mtume. Waarabu na Waswahili walikuwepo Ujiji na ng'ambo ya ziwa kabla ya Mzungu yeyote kujenga nyumba huko. Babu yako alikuwa Zuberi, mmishonari akalisikia kwa sikio lake la Kifaransa, akaandika Joubert. Mambo mepesi mnayafanya magumu.

Mgebuka_Mkavu
@Chake_Wete babu alizikwa na padri, mkuu.

Chake_Wete
Kuzikwa na padri hakubadilishi alivyozaliwa 😄

Mutoto_wa_Kirungu
Jambo bandugu. Miye nimezaliwa Moba, sasa niko Lubumbashi. Kule kwetu jina Joubert halishangaze mutu. Kulikuwa Kapiteni Joubert ku Mpala, pembeni ya ziwa. Bazee betu balimujua. Alikuwa muzungu lakini hakurudia kwao, alioa mwanamuke mweusi, Agnes, mu 1888, ndoa ya kanisa. Bakazaa batoto. Alikufa mu 1927, akazikwa kule kule. Kwa hiyo ndugu Mgebuka, usitafute mbali. Uko mujukuu wa Kapiteni. Karibu nyumbani.

Nimekaa_Pale
Uzi umeisha mapema hivi? Kahawa yangu hata haijapoa.

Shamba_Darasa
Haujaisha. Huyo Joubert alikuwa padri wa Kibelgiji wa White Fathers, lile shirika la wamisionari Wakatoliki, na padri hana mjukuu. Labda mje na hadithi nyingine.

Dada_wa_Karema
@Shamba_Darasa makosa mawili kwenye sentensi moja. Hakuwa padri na hakuwa Mbelgiji. Léopold Louis Joubert, aliyezoeleka kama Ludovic, alizaliwa 1842 Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Alikuwa mlei, mwanajeshi wa Papa, wale walioitwa Wazuavu. Alipigana Castelfidardo 1860 na Mentana 1867, na Roma ilipotekwa 1870 kazi ile ikaisha. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa White Fathers, akamchukua kuwalinda wamisionari wake huku ziwani. Alikuja mara ya kwanza 1880, akarudi kwao, akaja tena, na Mpala alifika Machi 1887. Ngome yenyewe ilijengwa 1883 na Mbelgiji Émile Storms, halafu 1885 wakakabidhiwa White Fathers. Labda hapo ndipo Ubelgiji wako ulipoingilia.

Mimi ni wa Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa hilo hilo. Hadithi zake kwetu zilikuwa zinasimuliwa pamoja na za Daktari Adrian Atiman.

Shamba_Darasa
Nimekubali kurekebishwa. Atiman ndiye yupi tena?

Dada_wa_Karema
Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akaja Karema akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Namtaja kwa sababu moja. Wamisionari walimbatiza Adrian, ila Atiman likabaki. Hata Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadri, 1917, ni mtu wa upande huo wa Mpala na Moba, na jina lake la nyumbani hakuna aliyemvua. Kwa hiyo wanaosema "mapadri walimpa babu jina la Kizungu la ukoo" watueleze kwa nini hawa wawili hawakupewa. Mapadri walikuwa wanatoa jina la mtakatifu, na mtakatifu Joubert mimi sijamsikia.

Sisibo_Original
Mimi niko Eldoret na naona mmesahau kitu. Makaburu walikuja huku pia! 1904 walipanda meli mpaka Mombasa, treni mpaka Nakuru, halafu mikokoteni ya ng'ombe hadi Uasin Gishu. Eldoret yenyewe wazee waliiita Sisibo, kwa sababu ya shamba nambari 64. Hao watu walikuwa na majina ya Kifaransa kibao: du Plessis, du Toit, Joubert. Mtu akifanya kazi kwa Kaburu miaka ishirini, jina linamganda.

Mzee_wa_Reli
Msafara mkubwa wa van Rensburg ni 1908, si 1904. Waliofika miaka hiyo ya 1904 na 1905 ni wale wa upande wa Mjerumani, maeneo ya Meru na Ol Donyo Sambu, Arusha. Lakini kutoka Arusha mpaka Moba ni mbali, na babu wa mleta uzi alitokea Kongo. Labda Kaburu alipotea njia.

Sisibo_Original
@Mzee_wa_Reli sawa, 1908. Ila hoja yangu ya jina kuganda iko palepale.

Tarakimu
Mnauliza lilipita wapi, wacha niseme lilizaliwa wapi. Joubert si neno la Kifaransa kwa asili. Ni jina la Kijerumani cha kale, Gautberht. Gaut ni jina la kabila, ndugu wa hao Wagothi tunaowasoma kwenye historia ya Roma. Berht ni "angavu", ndiyo ile unayoikuta kwenye Albert, Robert, Hubert. Wafranki, kabila la Kijerumani, walipoitawala Gaul, yaani Ufaransa ya kale, wenyeji wakaanza kuwapa watoto majina ya wakubwa, kama sisi tulivyowaita watoto majina ya magavana.

Sasa Gaut ikawaje Jou? Kifaransa kina tabia ya kulainisha "ga" iwe "ja". Kilatini gaudia, furaha, kikawa joie. Gamba ikawa jambe, mguu. Msishangae, hata sisi tunafanya. Ki-akula ikawa chakula. Mtu wa Mvita anakwambia "ndoo", wa Unguja anakwambia "njoo", na wote wawili wanakuita.

Ndiyo maana kuna ndugu wa jina moja wenye sura tofauti: Gaubert, Jaubert, Joubert. Jaubert ni ya kusini, Provence na Languedoc. Joubert ni zaidi ya magharibi, kuanzia Vendée kupanda mpaka bonde la Loire, na Saint-Herblon ya yule kapteni iko huko huko.

Mvita001
@Tarakimu siye "ndoo" yetu iacheni. Ila umesema kweli.

Mvivu_wa_Kusoma
Kwa hiyo jina lake maana yake "Mgothi anayeng'aa"? Basi Mgebuka ndilo jina lililomfaa tangu mwanzo, samaki huyo usiku kwenye karabai hung'aa vizuri tu 😂

Ua_la_Bustani
Nilisoma Kifaransa miaka miwili, na nilifundishwa joubarbe ni mmea unaoota juu ya mapaa, maana yake ndevu za Jupita. Joubert si ndilo hilo limefupishwa?

Tarakimu
@Ua_la_Bustani mmea ni kweli na maana yake ni kweli, lakini jina la mtu si hilo. Masikio tu ndiyo yanayadanganya, kama karani wa Zuberi. Kuna na wanaolihusisha na jobard, yaani bwege, mtu wa kudanganywa kirahisi. Kama utani wa mtaani sawa, kama asili hapana.

Mgebuka_Mkavu
Bwege tena? Nirudishieni Zuberi yangu.

Kibarua_wa_Paarl
Mimi Mtanzania niko huku Cape mwaka wa kumi sasa, kwenye mashamba ya zabibu. Tuwape na Makaburu haki yao. Joubert wa huku wote wanajihesabu kwa mtu mmoja, Pierre Joubert wa La Motte-d'Aigues, kijiji cha Provence. Mfalme Louis wa 14 alifuta 1685 ile amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa kuabudu tangu 1598. Maelfu wakakimbia. Wapatao 200 hivi waliletwa Cape na Kampuni ya Uholanzi, wengi wao 1688 na 1689, Pierre akiwamo. Bonde walilopewa likaja kuitwa Franschhoek, kona ya Wafaransa. Mwaka 1709 alinunua shamba akaliita La Motte, jina la kijiji chake. Shamba lipo mpaka leo, divai yake sinywi kwa bei ile.

Wanasimulia pia kwamba alitoroka na Biblia imeokwa ndani ya mkate. Kila ukoo huku una mkate wake wa namna hiyo.

Kifaransa chenyewe hakikudumu. Kampuni ilitaka watoto wafunzwe Kiholanzi, na baada ya vizazi viwili vitatu lugha ikafa, yakabaki majina, nayo yakapinda. Cronier akawa Cronje, Pinard akawa Pienaar, Sénéchal akawa Senekal. Joubert halikupinda kwenye maandishi, lakini nyumba hii analitamka hivi, nyumba ile vile.

Tarakimu
@Kibarua_wa_Paarl hapo kuna kitu kizuri. Pierre ni wa Provence, na huko tumesema sura ya jina ni Jaubert. Kwa hiyo huenda alizaliwa Jaubert, akageuka Joubert mikononi mwa makarani. Mleta uzi asijione wa kwanza.

Chake_Wete
Karani ni karani tu, awe wa 1688 au wa mwezi uliopita.

Dada_wa_Karema
Ila mmeona ilivyo? Joubert mmoja anamkimbia mfalme Mkatoliki na Biblia kwenye mkate. Joubert mwingine anashika bunduki kumlinda Papa. Wote wawili wanaishia kufia Afrika, jina moja, na hakuna udugu unaojulikana kati yao.

Mzee_wa_Reli
Na wa tatu msimsahau, Jenerali Piet Joubert, aliyewapiga Waingereza kilimani Majuba tarehe 27 Februari 1881. Akawania urais wa Transvaal, jamhuri ya Makaburu, mara kadhaa, Kruger akambwaga kila mara. Walimwita Slim Piet. Slim kwa lugha yao si mwembamba, ni mjanja.

Mvivu_wa_Kusoma
Mjanja gani anashindwa uchaguzi kila mara? Huyo ndiye jobard sasa.

Kibarua_wa_Paarl
Kuna na Christiaan Johannes Joubert, mmoja wa wawili waliotumwa 1886 kuangalia eneo la dhahabu. Mwenzake alikuwa Johann Rissik. Watu wengi wanasema Johannesburg imetokana na jina la hao wawili, wengine wanawataja kina Johannes wengine kabisa. Ugomvi wao hauishi, kama uzi huu.

Sisibo_Original
Sisi watu wa raga tunamjua Joubert mmoja tu: Craig, refa. Alichezesha fainali ya Kombe la Dunia 2011, New Zealand 8, Ufaransa 7. Wafaransa walilia mpaka leo wanalia. Mtu mwenye jina lao ndiye alishika filimbi!

Nimekaa_Pale
Hahaha. Mababu zake walifukuzwa 1685, deni limelipwa 2011.

Nesi_Mstaafu
Samahani kwa kuchepuka. Sisi wa hospitali jina hili tunalijua kwa ugonjwa, sindromu ya Joubert. Sehemu ya katikati ya ubongo mdogo haikui sawasawa, na kwenye picha za MRI madaktari wanaona umbo kama jino la gego. Jina limetokana na daktari wa Kanada, Marie Joubert, aliyeeleza watoto wa familia moja mwaka 1969. Nasema haya kwa sababu kuna mtu ataenda kutafuta jina lake mtandaoni akutane nalo, ashike kichwa. Kuitwa Joubert hakuhusiani na kuugua.

Mgebuka_Mkavu
Asante mama. Nilikutana nalo juzi saa saba usiku, sikulala.

Chake_Wete
Turudi ziwani. Mnamsifu kapteni, lakini ndugu zetu wa Ujiji wanamkumbuka vingine. Alikuwa anapigana na watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji. Historia iliyoandikwa na mapadri ina upande mmoja.

Mutoto_wa_Kirungu
@Chake_Wete upande mumoja? Uliza Batabwa, benyeji ba kule kwetu, ni nani alikuwa anachoma bijiji na kukamata bantu kwa kuuza. Bazee betu balikimbilia Mpala kwa sababu ya ukuta na bunduki ya Kapiteni.

Chake_Wete
Na huyo Storms aliyejenga ngome yenyewe, si ndiye aliyemuua chifu wa Watabwa, Lusinga, 1884? Au hilo halimo kwenye hadithi za wazee?

Mutoto_wa_Kirungu
Limo. Storms ni Storms, Joubert ni Joubert.

Dada_wa_Karema
Wote mko sawa na wote mnataka ugomvi. Fungueni uzi wa Rumaliza, nitakuja. Hapa tuna mtu anatafuta babu.

Bwana_Ardhi
Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyesema jambo lililo wazi. Mleta uzi anasema Joubert ni jina lake la TATU. Kwa utaratibu wetu Tanzania la kwanza ni lako, la pili ni la baba, la tatu ni la babu. Kwa hiyo hilo si jina la ukoo, ni jina la babu mwenyewe. Mnatafuta ukoo wa Wafaransa kumbe mnatakiwa kutafuta kwa nini mtu mmoja aliitwa hivyo. Ofisi zetu ndizo zinalisoma la tatu kama la ukoo, na kizazi kijacho litakuwa la ukoo kweli. Hivyo ndivyo koo zinavyotengenezwa.

Tarakimu
@Bwana_Ardhi hapo umetufunga mdomo. Hata Joubert ya Ufaransa ilianza hivyo hivyo, jina la mtu mmoja mmoja, Gautberht fulani, watoto wakaitwa kwa baba, makarani wakaligandisha.

Mzee_wa_Reli
Basi naongeza dhana ya nne. Kapteni alikuwa na askari wake waliofunzwa bunduki pale Mpala. Watu wa namna hiyo waliitwa kwa bwana wao, "watu wa fulani". Babu wa babu huenda alikuwa askari wa Joubert, na mtoto wake akiulizwa "wewe wa nani?" anajibu "wa Joubert".

Sisibo_Original
Si ndiyo ile yangu ya jina kuganda? Nilisema mapema mkanicheka.

Mzee_wa_Reli
Ulisema Kaburu na 1904. Jina kuganda nakupa.

Kibarua_wa_Paarl
Huku Cape ipo. Watu wa rangi wengi wana majina ya Wafaransa hawa, kwa damu, kwa utumwa, kwa ubatizo, na mwenye jina mara nyingi hana njia ya kujua lake lilipitia mlango upi.

Mgebuka_Mkavu
Wakuu, nilinyamaza siku tatu kwa sababu nilikwenda kwa shangazi Ujiji. Ni mgonjwa wa miguu ila kichwa kiko sawa. Nimemuuliza babu alikuwa nani kwa Kapteni. Amejibu: "Sijui habari za kapteni. Najua kanisani baba aliitwa Ludoviko. Ludoviko Joubert. Wenzake ziwani ndio walimwita Jubeti, wengine Zuberi, naye aliitika yote."

Akanitolea kadi ya ubatizo kutoka ndani ya Biblia. Mchwa wameila pembeni. Nasoma Ludovicus, nasoma Joubert, na mwaka nasoma 192 halafu tundu.

Dada_wa_Karema
Ludoviko! Ndilo jina la Kapteni, na hata kituo alichokijenga baada ya Mpala kiliitwa Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi. Huyo ni somo wake. Kapteni alifariki Mei 1927. Kama tundu hilo ni 7, mtoto aliyezaliwa mwaka ule akapewa majina yote mawili ya marehemu, jambo la kawaida kabisa kwetu. Si mjukuu, ni wajina.

Mutoto_wa_Kirungu
Dada, na mujukuu wa damu angeitwa nani? Si Ludoviko pia?

Dada_wa_Karema
...Umenikamata.

Bwana_Ardhi
Na kama tundu ni 4, alibatizwa mzee akiwa hai, huenda msimamizi wa ubatizo ndiye Kapteni mwenyewe. Kadi inaonyesha jina la msimamizi?

Mgebuka_Mkavu
Hapo ndipo mchwa walipoanzia.

Tarakimu
White Fathers waliandika shajara za kila kituo, na nyaraka zao nyingi ziko Roma. Daftari la ubatizo la parokia lenyewe, kama lilinusurika vita, litakuwa Mpala au Kirungu. @Mutoto_wa_Kirungu una mtu kule?

Mutoto_wa_Kirungu
Niko na kaka yangu ku Moba. Nitamutuma kwa ba padri. Ndugu Mgebuka, nitumie ile kadi picha, na jina la mama wa babu.

Mgebuka_Mkavu
Jina la mama yake shangazi analikumbuka: Agnesi.

Nimekaa_Pale
Naongeza kahawa.

Chake_Wete
Maagnesi ni wengi kule, msikimbilie. Na mwuulizeni huyo shangazi tena: wale waliomwita Zuberi, walikuwa wanakosea au walikuwa wanamjua?